Madonge ya bahari kuu yaelezwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Nafundisha kemia hapa Kisumu. Wiki jana nilipeleka darasani ndoo ya maji ya kisima yaliyolala usiku kucha. Ukingoni palikuwa na utando wa kutu. "Mwalimu, kutu imetoka wapi na jana maji yalikuwa maangavu?" akauliza msichana mmoja. Chuma kilikuwa kimeyeyuka ndani. Kilipokutana na hewa kikaganda.

Swali lake lilinifikisha chini ya Pasifiki, kina cha mita 4,000 na zaidi. Huko nako chuma na metali iitwayo manganizi huganda juu ya matope. Chembe za manganizi zina chaji hasi, hivyo hunasa nikeli, kobalti na shaba zenye chaji chanya. Tabaka hufuata tabaka hadi likawa donge kama kiazi, na hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Milioni, ndugu Mhariri! Meli ya Uingereza, Challenger, iliyaopoa madonge haya katika safari ya 1872 hadi 1876.

Sasa kuna kampuni zinazotaka kuyazoa kwa ajili ya betri. Kanuni zinajadiliwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari huko Kingston, Jamaika, na Kenya ni mwanachama wa mamlaka hiyo. Naomba gazeti lako lituandikie yanayosemwa huko, nikayasome darasani.

Mwalimu wa kemia,
Kondele, Kisumu