Mabosi wenzangu wa Dodoma, tuwape watu muda wa mambo ya mtaa na kura, siasa za vyama ziishie getini

Mbukwenyi Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na waajiri wenzangu wa hapa Dodoma na mikoa ya jirani, hasa sisi wenye biashara za kati, vinu, magodauni, hoteli, sheli, maduka ya vifaa vya ujenzi. Sisi ndo tunashikilia muda wa watu wengi sana mjini hapa, na muda huo ndo unaamua mtu atashiriki mambo ya mtaa wake na nchi yake au ataishia kusikia kwa jirani.

Nina kinu cha kukamua alizeti Kizota. Wafanyakazi wa kudumu sio wengi ila msimu ukifika, mwezi wa tano wa sita huko, magunia yanaanza kushuka kutoka Kongwa, Chemba, Kondoa na mengine Singida, vibarua wanajaa na mashine hazizimwi. Kwahiyo ninachoandika hapa nakijua kwa upande wa bosi anayeangalia saa na anayelipa umeme, sio kwa upande wa mtu anayetoa semina.

Hivi karibuni mtaani kwetu uliitishwa mkutano, Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi ya Jumatano nani yuko nyumbani? Walikuja wastaafu, akina mama wenye vibanda pale karibu, vijana wachache wa bodaboda, basi. Wakajadili mchango wa ulinzi shirikishi kwa kila kaya, wakajadili sehemu ya kukusanyia taka, wakapitisha. Wiki iliyofuata kijana wangu mmoja wa kwenye ekspela, ile mashine ya kukamulia mafuta, analalamika anabandikwa mchango ambao hajui umetoka wapi, na wenzake watatu wanne wanamuunga mkono, wote wanakaa mtaa huohuo na hakuna hata mmoja aliyekuwepo mkutanoni maana wote walikuwa kwangu, shifti ya asubuhi. Sasa hapo lawama ya mwenyekiti wa mtaa ni ipi? Kapiga kipaza sauti, katangaza. Watu tulikuwa nao sisi.

Ndo maana nikaamua pale kinuni tuwe na utaratibu. Kukiwa na mkutano wa mtaa, kila mtaa wenye watu wetu unatoa mtu mmoja au wawili kwenye shifti, anaenda kwa masaa mawili au matatu hivi, mshahara haukatwi, anarudi. Mchana kwenye ugali anawaambia wenzake kilichoamuliwa, mapato na matumizi yamesomwaje, mchango ni shilingi ngapi na unaanza lini, na karatasi ya ajenda akiipata anaibandika ukutani pale penye mashine ya kusaini kwa kidole ambapo kila mtu lazima asimame. Hatumuulizi alimuunga mkono nani wala mwenyekiti ni wa chama gani. Kitu kidogo tu lakini kimebadilisha maneno ya pale kazini, siku hizi wanabishana kuhusu mtaro na taa za barabarani, na mmoja amegombea kuingia kamati ya shule ya msingi anayosoma mwanae akapata. Kwa wale wenye biashara vijijini, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu, kwahiyo hata hesabu yake sio ngumu, ni mara nne kwa mwaka, utashindwaje kumuachia mtu?

Na sisi Dodoma tuna jambo letu la peke yetu. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mji umejaa watu waliokuja na kazi, wametoka Dar, Mbeya, Mwanza, Kigoma, na biashara zetu zimekuja na watu au zimewaajiri wakishafika. Mtu anakaa Nkuhungu mwaka wa nne lakini kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura bado ni mtu wa Temeke. Siku ya kura anakaa nyumbani na kadi mfukoni, maana jina lake liko kwenye kituo cha kilomita mia nne na zaidi kutoka hapa na hakuhamisha taarifa. Kuhamisha kunafanyika kipindi cha uboreshaji wa daftari, na safari iliyopita hatua ya kwanza ulikuwa unaweza kuianza kwa simu au kompyuta halafu unaenda kituoni kumalizia. Siku zenyewe kila sehemu zilikuwa chache. Mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni vituo navyo vinafungwa saa kumi na mbili, huyo atahamisha saa ngapi kama bosi hajamruhusu?

Halafu 2024 ndo ilichanganya watu kabisa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa inapita mikoani kuboresha daftari lake, na hapohapo TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, nao kuanzia Oktoba 11 mpaka 20 wanaandikisha orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba 27. Ni vitabu viwili tofauti, taasisi mbili tofauti, na kile cha mtaa hupewi kadi. Fundi wangu wa mashine, mtu mwenye akili zake timamu, ananionyesha kadi yake ya mpiga kura anasema bosi mimi nimeshajiandikisha tayari, niende tena kufanya nini. Nikamwambia hiyo ni ya rais, mbunge na diwani, ya mwenyekiti wa mtaa jina lazima liandikwe kwenye daftari la mtaani kwako. Alishangaa, na akina mama wanaofungasha mafuta kwenye madumu nao walikuwa hawajui, ikabidi tupige mahesabu ya shifti watu waende watatu watatu mpaka wakaisha. Tangazo lilikuwa redioni kila siku, ila kinuni redio haisikiki kwa kelele. Hapa bosi ana kazi moja rahisi, kuchukua tangazo la Tume au la TAMISEMI kama lilivyo bila kuongeza hata neno lake, kulibandika ukutani na kuliweka kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Tarehe, mahali, nini uje nacho, basi.

Sasa siku ya kura yenyewe. Watu wanasema siku hiyo si huwa mapumziko, Novemba 27, 2024 ilitangazwa mapumziko, Oktoba 29, 2025 hivyohivyo, sasa shida iko wapi. Shida iko kwa watu ambao mapumziko hayawafikii. Mlinzi, mhudumu wa hoteli, dada wa supamaketi, mtu wa sheli, mpishi, nesi wa hospitali binafsi, kondakta. Chukua mlinzi. Wengi shifti yao ni ya masaa kumi na mbili, anaingia asubuhi saa kumi na mbili anatoka jioni saa kumi na mbili. Kituo cha kura kwenye uchaguzi mkuu kinafunguliwa saa moja asubuhi kinafungwa saa kumi jioni. Hesabu hiyo haihitaji shule, mlinzi wa mchana hawezi kupiga kura, haiwezekani kabisa, labda aache lindo. Na mlinzi wa usiku anatoka asubuhi hajalala, nyumbani kwake Ihumwa au Veyula, mpaka afike na foleni imeshajaa. Hawa ndo watu wanaotulindia mali na tunawapita getini kila siku tunawasalimia shikamoo mzee, marahaba, alafu haki yao tunaifungia humohumo getini bila hata kujua.

Kwa kampuni za ulinzi unaweza sema huyo sio mfanyakazi wangu, ni wa kampuni, mimi nalipa tu bili. Sawa, ila wewe ndo mteja, ukipiga simu wiki moja kabla ukawaambia siku ya kura nataka walinzi wabadilishane saa sita mchana badala ya jioni, watapanga. Nilipiga simu hiyo na haikuchukua hata dakika tano. Mahotelini vilevile roster inaweza kukatwa katikati, wa asubuhi wakatoka saa sita, wa mchana wakaingia wameshapiga.

Marekani wenzetu siku ya uchaguzi mkuu ni Jumanne na sio sikukuu ya taifa, watu wanaenda kazini kama kawaida, kwahiyo mwaka 2018 kampuni kama Patagonia, PayPal na Levi Strauss zilianzisha kampeni ya kuhamasisha waajiri wawape wafanyakazi muda wa kupiga kura, na kampuni nyingine nyingi zikajiunga, za wenye mitazamo tofauti ya kisiasa. Patagonia walikuwa wameshafunga maduka yao siku ya uchaguzi 2016. Sisemi tufunge maduka, sisi serikali imeshatupa hiyo siku, kilichobaki ni kuifikisha kwa mtu wa shifti.

Hapa naomba waajiri wanisikilize vizuri kwasababu nikiishia kwenye kutoa muda kuna wengine watanielewa vibaya. Kumpa mtu muda sio kumpa maelekezo. Miaka ya nyuma kabla sijawa na kinu niliajiriwa sehemu moja, sitaitaja, ikifika kampeni linakuja Fuso asubuhi, tunaambiwa leo kazi hakuna wote mkutanoni, fulana na kofia zinagawiwa palepale stoo na msimamizi ana daftari anaandika nani kapanda na nani hajapanda. Wapo waliopanda kwa kupenda na hilo sio kosa, ila wapo waliopanda kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kumbukumbu hiyo ndo inanifanya niwe mkali sana kwenye hili. Katiba yetu ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa mawazo yake ya kisiasa, imeyaweka pamoja na dini, kabila na jinsia. Yani kumuonea mtu kwa chama chake ni sawasawa na kumuonea kwa dini yake.

Kwahiyo kwangu fulana ya chama chochote haiingii kazini, hata yangu. Grupu la kazini halitumiwi picha za wagombea. Mgombea akitaka kuja kusalimia wafanyakazi namwambia karibu sana ila nje ya geti na baada ya saa za kazi, maana nikimruhusu mmoja inabidi niwaruhusu wote na sina muda huo. Sikagui kidole cha mtu kama kina wino, kutopiga kura nako ni uamuzi wake. Na kura ya mtu haiulizwi hata kwa utani, kwasababu utani wa bosi sio utani, mtu anarudi nyumbani anawaza.

Najua pia baada ya vurugu na vifo vya kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025 wengi wamejifungia, hata neno uchaguzi kazini watu wanalitaja kwa sauti ya chini, na mabosi wengi wameona salama ni kunyamaza kabisa. Nawaelewa, watu wamepoteza ndugu, hilo sio jambo la kupita juu juu. Ila ukimya wa kila mtu unaacha mkutano wa mtaa ule wa saa nne asubuhi uendelee kuwa na watu walewale, na mambo ya maji, zahanati, madawati, barabara yaamuliwe bila wanaotoka jasho mjini hapa. Ndo maana nasema tuanzie huko kwenye mtaa na kamati za shule, ambako hakuna anayegombania ikulu, watu wazoee tena kukaa pamoja na kusema wanachotaka bila hofu. Mpaka 2029 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa tuna muda wa kutosha.

Kuhusu hasara, maana najua ndo swali la kwanza la bosi yeyote, masaa mawili ya mtu mmoja au wawili kwenye kinu changu siyaoni kwenye hesabu za mwezi, umeme ukikatika mara moja tu napoteza zaidi. Chama cha Waajiri na TCCIA, ile chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, wangetusaidia kwa kuandaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi, mwajiri afanye nini na asifanye nini kipindi cha uandikishaji na kura, watusambazie mapema, na watendaji wa mitaa nao nawaomba mikutano waiweke Jumamosi jioni au Jumapili mchana watu wakishatoka ibada.

Kuna kundi moja bado linanisumbua na nataka wenzangu wanaofanya kazi nao waandike, hasa wa soko la mahindi Kibaigwa na wenye magodauni. Vibarua wa kupakia na kushusha wanalipwa kwa gunia. Ukimwambia nenda kajiandikishe nitakuachia muda, muda huo kwake ni hela ya kula jioni, hana mshahara wa kusema haukatwi. Msimu uliopita nilijaribu kuwagawia wanaoenda sehemu ya magunia ya shifti kana kwamba wapo, wenzao wakanung'unika na nikaona wana haki ya kunung'unika. Kama kuna mtu amepata njia ya kulipanga hili bila kumuumiza yeyote naomba aandike hapahapa kwenye gazeti tusome.

Mwenye kinu cha alizeti,
Kizota, Dodoma