Mhariri, hicho kinyama chenu cha mabawa kimetuletea sindano nyumbani

Mhariri,

Mi si mtu wa kuandika barua. Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kazini bandarini hapa Tanga, nimestaafu bado nalisoma, na mengi mnayoandika huwa nayanyamazia tu. Ila hili la kipurupuru, hicho kinyama cha kubuni cha hadithi yenu, hapana.

Si mnaikumbuka ile hadithi ya ukurasa wa watoto, nchi ya mawinguni ambako kila mtoto anafuga kinyama chake cha kuruka, kina manyoya ya paka na mabawa ya ngozi, kinakula embe bivu na kulala kwenye mfuko wa shati, na ukikitaka unasimama chini ya mti magharibi unakiita mara tatu. Mchoro nao mkauweka mkubwa, uso wa kijibwa, mabawa ya popo kabisa. Sasa mjukuu wangu ana miaka 8, kitendawili cha popo mbili zavuka mto anakijua toka chekechea, jibu macho, lakini popo mwenyewe hajawahi kumwona kwa karibu.

Basi Ijumaa magharibi kaenda chini ya mkungu wetu nyuma ya nyumba, ule ambao popo wanakuja kula kungu na kutudondoshea mbegu juu ya bati usiku kucha, kaita mara tatu na kweli chini pale kulikuwa na popo mdogo kaanguka hawezi kuruka, kamfunika na kanga ya bibi yake, kamtia kwenye kontena la chakula cha shule na kipande cha embe, kakaa naye chumbani kimya mpaka saa 4 usiku tunasikia ukelele, kidole gumba damu tupu. Bibi anatafuta chumvi, mi nikasema hapana, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Asubuhi zahanati, muuguzi anamuuliza mtoto umeng'atwa na nini, anajibu kipurupuru, muuguzi ananitazama mimi, ikabidi nitoe gazeti lenu mfukoni nimwonyeshe mtu mzima mwenzangu picha ya katuni! Na chanjo ya kichaa cha mbwa hapo haikuwepo, tukapanda boda hadi hospitali nyingine, huko ndo daktari akanieleza kwamba popo naye ana virusi vya ukoo huohuo, kwamba mwaka 2007 kuna Mholanzi popo alimpiga usoni kule Tsavo, Kenya, akajiosha akaona yameisha, kumbe hayajaisha, akafia kwao. Sindano siku hiyohiyo, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mkono wa mtoto wa miaka 8, mhariri.

Popo simlaumu, ua la mbuyu linafunguka usiku na yeye ni mmoja wa wanaolichavusha, ana kazi zake.

Na mjue haijaishia kwangu. Kuna kijana anapita mtaani na tundu la kasuku wadogo, jirani yangu kauziwa mmoja akiambiwa eti ndo kipurupuru jike. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, sawa, ila hawa wa kwenye tundu barabarani anawauliza nani? Hilo hamliandiki, mnaandika mawinguni.

Kama lazima kiruke, basi kipeni miba na kinuke ng'onda, kiwe kinakula maharage ya jana, na pale chini muandike kwa wino mweusi HAKIPO, si kwa vile viherufi vya siafu mnavyowekea majibu ya chemshabongo.

Au mwandishi wenu aje mwenyewe. Sindano ya mwisho inaangukia Jumamosi, siku gazeti linapotoka, saa 2 asubuhi tutakuwa kwenye benchi. Amshike huo mkono yeye, mi nitakaa pembeni nisome.

Babu wa watu, Tanga