Gari la babako lisipigwe rangi

Tudor, Mombasa
Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima. Mamako hajambo, mguu umepoa, na jana alikaanga kaimati mwenyewe bila kusaidiwa.

Nakuandikia habari ya gari la marehemu babako. Uliniambia nilipeleke kwa fundi, likwanguliwe lote lipigwe rangi upya, ukanitumia na arubuni. Sijalipeleka. Pesa zako ziko vile vile. Nisikilize kwanza, kisha uamue wewe, maana gari ni lenu.

Siku niliyotoa turubai moyo ulinivunjika. Ile Peugeot 504 nyekundu iliyotupeleka madrasa na mazikoni na harusini ilikuwa imepauka kama ufizi wa mgonjwa. Boneti na paa zilikuwa kama zimenyunyiziwa unga. Ukipitisha kidole kinatoka na vumbi la waridi. Kunguru nao walikuwa wameacha mabaka kila mahali. Nikasema kweli, hapa dawa ni sprei. Lakini nilipofungua buti kutafuta jeki, nikaona ukingo wa ndani, pale jua lisipofika. Wekundu ulikuwa ule ule, mbichi kabisa. Nikasimama nikiutazama mpaka adhana ya alasiri.

Unajua, rangi haiondoki ikaenda zake. Jua hula ule utomvu unaoshika chembe za rangi, na hewa yetu ya chumvi inayotoka kilindini inazidisha. Ngozi ya juu inakufa, inakuwa vumbi, na vumbi hilo ndilo linalotawanya mwanga macho yakaona weupe. Chini yake rangi nzima ipo. Swali ni imebaki kiasi gani, na kama ni rangi tupu au imefunikwa kwa klia, lile koti la juu linaloonyesha kama kioo. Magari ya zama zile mengi yalipigwa rangi tupu, bila klia juu yake. Kulijua hilo hakuhitaji mtaalamu: nilitia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe nikasugua mlango wa nyuma. Kitambaa kikawa chekundu. Basi hiyo ni rangi tupu, na rangi tupu huponyeka.

Nikajaribu na madigadi ya mbele ya kushoto, ile iliyogongwa ikatengenezwa. Hapo kitambaa kilitoka cheupe, na klia yenyewe inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hiyo haina polishi itakayoiokoa, ndugu yangu. Klia ikishabambuka ni kukwangua na kupiga upya. Lakini ni hiyo moja tu! Hatuwezi kulivua gari zima nguo yake kwa ajili ya madigadi moja.

Sasa nikueleze nilivyofanya, ili ujue sikukurupuka. Kuosha kulinipa tabu kuliko nilivyodhani. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yakikauka juu ya bodi yanaacha madoa meupe, kwa hivyo nilinunua mitungi mitatu ya maji matamu kwa kijana wa mkokoteni. Nililisogeza gari chini ya mwarobaini, nikangoja bati lipoe, maana polishi ikikutana na bati la moto inakauka papo hapo na kuacha michirizi. Saa moja asubuhi ndiyo saa yake. Ikifika saa nne nafunga kazi.

Mlango ule wa nyuma niliupaka kwanza polishi ya mafuta, ile isiyo na chembe za kukwaruza, nikaipaka nzito nikaiacha ilale usiku kucha. Rangi ya zamani huwa na kiu, nawe ukianza kuikwangua ikiwa kavu unaondoa na iliyo hai. Asubuhi nikafuta, nikaanza na kompaundi laini, ile dawa yenye chembe ndogo za kusugua, kipande kwa kipande, kila kipande upana wa sinia. Nasugua kwa mkono, nafuta, natazama kwa pembeni. Kitambaa kikijaa wekundu nageuza upande, maana rangi iliyokufa ukiirudisha juu ya bodi inakwaruza. Mlango mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Mashine ningeweza kuazima, lakini sikuitaka. Rangi yote ya gari, pamoja na praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, unene wake ni kama unywele mmoja au miwili tu, na mashine mikononi mwa asiyeizoea inafika kwenye bati kabla hajajua.

Na hata mkono wangu umekosa. Kwenye mkunjo wa boneti, upande wa dereva, nilisugua kupita kiasi, praima ya kijivu ikatokeza, urefu wa kidole cha shahada. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko pote, na nilipaswa kuzifunika kwa tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Naomba radhi kwa hilo. Tangu siku hiyo kila ukingo nauziba kwanza.

Vijana wa kuosha magari walinishauri nilipake dizeli, ling'ae leo leo. Nimeona magari mengi yaliyopakwa dizeli. Yanang'aa mpaka barabara ya kwanza yenye vumbi, kisha yanakuwa kama andazi lililoangukia mchangani. Mwengine akataja dawa ya meno. Ile ina chembe za kusugua, sikatai, na huenda ikafaa kwenye taa zilizopata ukungu, ila kwa bodi nzima ni kujitesa.

Juu ya yote nimemalizia na nta, na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana. Nta bora ya gari hutoka kwenye majani ya mti uitwao karnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo ni jamaa ya mnazi na huu mvumo wetu. Hujipaka nta wenyewe ili jua lisiukaushe, watu wakakwangua majani yake wakapata kinga ya magari. Kwa jua letu hiyo nta haikai sana. Nitairudia kila baada ya miezi miwili, na wakati wa kaskazi pengine kila mwezi. Turubai la plastiki nalo nimelitupa, lilikuwa linafungia unyevu na kusugua chumvi kwenye rangi kila upepo ukivuma. Nafikiria banda dogo la makuti.

Sasa mamako. Nilipomaliza mlango alitoka na kikombe cha kahawa, akasimama, akajiona ndani ya mlango, yeye na buibui lake. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia babako alikuwa akilipangusa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na kwamba gari ile aliipendea Safari Rally, mwaka 1975 aliposhinda Ove Andersson na 1978 aliposhinda Jean-Pierre Nicolas, wote kwa 504. Akauliza kama fundi akilikwangua, rangi itakayopigwa itakuwa hii hii. Nikamwambia itafanana nayo.

Ndipo nilipoamua kukuandikia. Rangi hii ndiyo aliyoigusa mzee. Ikishakwanguliwa hairudi, hata ulipe nini. Paa sina uhakika nalo, limeungua zaidi na pengine litabaki na mabaka, nakwambia mapema usije ukafika ukasikitika. Lakini milango yote minne, buti na sehemu kubwa ya boneti nakuahidi zitarudi.

Fundi nimemwambia angoje mpaka Ijumaa. Ukikubali, arubuni itatosha madigadi ile, na baki nitanunulia makuti. Ukija nyumbani niletee vitambaa laini vya maikrofaiba, huku navyovipata vinatoa nyuzi baada ya kufuliwa mara mbili.

Nijibu kabla ya Ijumaa, ndugu yangu. Mamako anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha.

Wasalaam,
Ni mimi sahibu yako wa tangu madrasa