Mipira ya AC ya Hilux yako

Mbagala, Dar es Salaam

Ndugu yangu Salehe,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza ule mchele wa Ifakara umeishia njiani au vipi.

Nimesoma habari za AC yako, kwamba gesi inaisha kila msimu na unataka kutengeneza mipira mwenyewe, na wala sikushangaa. Hilux ya 1989 ilitoka kiwandani na gesi ya R12, ile iliyowekewa vikwazo na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Aliyekuhamishia R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, aliiacha mipira ileile. Chembe za R134a ni ndogo, zinapenya hata kwenye mpira ambao haujapasuka, ndiyo maana kila ukipakwa povu la sabuni fundi anasema haoni kitu. Ukiongeza na zile nyufa za uzee, basi kila msimu wa joto unalipia gesi ya kuwapulizia watu wa Msamvu huko Morogoro.

Kutengeneza mipira mwenyewe inawezekana kabisa. Tafuta mpira wa AC wenye utando wa nailoni ndani. Pale Gerezani, kwenye maduka ya spea, utakutana na watu watakaokusukumia wa haidroliki eti ni mgumu zaidi. Ugumu si hoja, gesi itapita tu. Mipira inapimwa kwa namba za unene: kwa kawaida namba 8 inatoka kompresa (pampu ya gesi) kwenda kondensa (rejeta ya AC), namba 6 inapeleka gesi iliyokwisha kuwa maji kwenye eveporeta (inayopoza hewa ya ndani ya gari), na namba 10, mnene kuliko yote, inarudisha gesi baridi kwenye kompresa. Ila pima ya kwako kwanza, maana gari la umri huo limeshapita mikono mingi.

Kabla hujagusa nati yoyote, peleka gari gesi inyonywe kwa mashine. R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Sasa kazi yenyewe. Kata mpira kwa kisu kikali, si msumeno wa chuma, kwa sababu unga wa mpira ukiingia ndani utaenda kuziba ekspansheni valvu, kile kitundu chembamba kinachopitisha gesi kwenda eveporeta. Funga vichwa vyote viwili (vile vyuma vya kuunganishia ncha za mpira) mahali pake kwenye gari kwa mkono tu, kisha chomeka mpira bila kuubana. Uache ulegee kidogo, injini ikiwashwa inacheza na mpira uliokazwa kama kamba ya kuanikia nguo utajing'oa. Hakikisha haugusi ekzosi wala feni. Ukiridhika, chukua rangi nyeupe upige mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa hadi kwenye mpira, ncha zote mbili. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanabana mezani, wakirudi kwenye gari kichwa kinatazama mashariki wakati tundu liko kaskazini, na kikishabanwa hakizunguki tena. Pete nyingi za kubania, zile za chuma zinazominywa juu ya mpira, zina kitundu ubavuni. Chungulia uone mpira umefika mwisho, halafu linganisha mstari wako, ndipo ubane.

Oringi (pete za mpira za kuzibia maungio) weka mpya, zile za kijani, uzipake oili ya kompresa. Kwa kuwa mfumo wako ulikuwa na oili ya R12, mimi ningetumia oili ya esta, inavumilia mabaki ya ile ya zamani kuliko PAG, oili nyingine ya R134a. Kaza kwa spana mbili, moja ishike paipu, alumini inajipinda kirahisi mno. Draya (kopo la kukaushia gesi) nayo iwe mpya, na vizibo vyake usivitoe mpaka dakika ya mwisho, inavuta unyevu wa hewani.

Kupima uvujaji tumia naitrojeni. Akitokea mtu wa kuchomelea vyuma akakupa oksijeni, mkatalie hata kama ni bure: oksijeni yenye presha ikikutana na oili, inaweza kulipuka. Baada ya hapo ni pampu ya vakyumu, nusu saa au zaidi, funga valvu, kanywe chai. Ukirudi mshale wa geji uwe palepale. Ukiwa umepanda, usiweke gesi, rudi kwenye maungio.

Mashine ya kubania usinunue, ninayo ya mkono na dai zake (vyuma vya kuminyia pete) za namba 6, 8 na 10. Nitumie picha za vichwa vya zamani vikiwa bado kwenye gari, pamoja na urefu wa kila mpira, nikutafutie vichwa huku. Nitampa dereva wa basi la Jumamosi.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Juma