Kwa wazazi wadogo wa plot yetu, kuhusu hawa watoto

Wanangu wa hapa Umoja, mimi shosho yenu nimefundisha nasari mpaka nikastaafu, na kuna kitu kinanisumbua, vile tunawaambia watoto hii ni ya wasichana, hii ni ya wavulana. Juzi watoto walikuwa hapo nje wanacheza kalongo, mikebe iko juu ya mawe, kavulana kamoja ka PP1, yaani ka nasari, kanasonga ugali wa mchanga na kamechangamka kweli kweli, mara mtu mzima akapita akakauliza, kwani wewe ni msichana? Kakaangusha mwiko hapo hapo kakaenda kukaa kwa ngazi peke yake.

Msidhani watasahau. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, watoto walisimuliwa hadithi ya mtu mwerevu sana sana halafu wakaambiwa wachague kwa picha ni nani. Wasichana wa miaka 5 walichagua wanawake vile tu wavulana walichagua wanaume, lakini kwa wasichana wa miaka 6 na 7, waliochagua wanawake wakapungua. Miaka 6 jameni, huyo ni wa Gredi 1! Kwa hivyo wale mnasema mtaongea nao wakifika sekondari, mtakuta mtoto ashaamua zamani.

Na msiwakalishe chini muwape lekcha, mtoto wa umri huo hashiki hotuba, anashika anachoona. Akisema kupika ni kazi ya wasichana, muulize tu, na yule anatupikia chapati pale steji ni nani? Halafu nyamaza, mwache afikirie. Akisema wasichana hawawezi mbio mwonyeshe Faith Kipyegon kwa simu, dhahabu ya mita 1500 Olimpiki tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, na hapo katikati akazaa mtoto. Jaji Mkuu wetu tangu 2021 ni Martha Koome, hiyo nayo waambie.

Kijana akianguka akichubuka goti, tafadhali muulize anaumwa wapi, hii mambo ya mwanaume halii tuachane nayo, baadaye atakuwa na shida kubwa na hatawaambia.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jioni. Msichana anaitwa aoshe vyombo, kaka yake wamepishana mwaka mmoja tu yuko kwa katuni, na mama mwenyewe ndiye anaita. Wapeni zamu, leo huyu kesho yule, na nyinyi mababa mkitoka job mshike hiyo sponji watoto wakiwaona, hata kama ni vikombe viwili.