Barua kwa mwanangu: Hela ya TV umetoa wapi?

Mwanangu Idrisa,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, ila kuchuchumaa bado.

Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma. Tarehe 28 unapanda ndege kwenda Muscat, na kabla ya hapo kuna kijana ataleta TV ya inchi 55. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilikuuliza swali moja tu, ukanijibu kwa kile kidole gumba. Kidole gumba si jibu, Idrisa. Hela umetoa wapi?

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha. Mjukuu atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Uzisome zote, usiruke.

Sisemi umeiba. Sijalea mwizi. Lakini mshahara wa dereva wa lori naujua, ulinitajia mwenyewe Idi iliyopita ulipokuja mikono mitupu, na sikukulaumu (nilikulaumu kidogo). Nauli ya safari unajilipia, vipimo vya afya unajilipia, halafu inchi 55 inatokea. Mimi fundi mwashi. Ukuta ukiwa na tofali nyingi kuliko ulizonunua, ujue nyingine ni za jirani.

Hapa mtaani kuna kijana alikopa kwenye simu laki mbili. Siku ya kulipa ilipopita, watu wote waliomo kwenye simu yake wakatumiwa ujumbe. Mimi mzee wa miaka 67 nikaletewa maneno kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Imamu kaletewa. Mkwewe kaletewa. Novemba 2024 Benki Kuu walipotoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, nilimsomea mama yako majina yote mpaka akasinzia. Sasa simu ikilia usiku naangalia kwanza kama jina lako limo. Mikopo ya kausha damu, wameiita wenyewe walioionja.

Uliandika, "Mzee, turudishe enzi zile, nyumba ijae." Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Sina haja ya kukukumbusha nani alikuwa anazungusha mlingoti wa antena uani na nani alikuwa anapiga kelele ndani, hapo hapo, umepitiliza, rudi. Unayo hayo, tena unayasimulia kuliko mimi. Nitakuandikia ambayo huna.

Huku Bara hatukuwa na televisheni yetu. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na huku Dar mwenye antena ndefu alidokoa ya kwao, nusu picha nusu chenga. ITV na wenzake walipoanza 1994, kila mtaa ukapata nyumba yake ya kwenda jioni. Kwetu ilikuwa ile ya kona. Shilingi hamsini kwa kichwa, miguu unanawa kwanza. Huna hamsini, unasimama dirishani.

Dada yako alikuwa na miaka tisa. Siku hiyo natoka saiti na ndoo yangu, mwiko na pimamaji ndani, nikamkuta amening'inia kwenye nondo za dirisha lile pamoja na wenzake. Mwenye nyumba akaja akavuta pazia. Hakutukana, hakufukuza, alivuta pazia tu. Wenzake wakashuka wakaondoka. Dada yako akabaki pale pale, ameshika nondo, anasikiliza sauti. Nilimwita mara mbili ndipo akageuka.

Basi mwezi wa pili mwaka 1998 nikachukua ile ya inchi 14 kwa mali kauli, Kariakoo. Bei 160,000. Nilitoa elfu sitini, laki iliyobaki nikaahidi elfu ishirini kila mwezi kwa miezi mitano. Nilikuwa na saiti Mbagala, nyumba ya vyumba sita, hesabu yangu ilikaa vizuri kabisa. Usidhani anayekopa ni mjinga. Anayekopa huwa ana hesabu nzuri kuliko wote. Ila zile mvua za El Niño hazikutaka kuisha, masika nayo ikapokea. Mchanga ukishushwa leo, kesho umezolewa na maji. Tajiri akasimamisha kazi. Nikalipa mwezi wa tatu na wa nne kwa kubangaiza. Wa tano sikuwa na kitu.

Mwenye duka alikuja mwenyewe jioni moja. Mtu mpole. Akanywa chai yetu, akaangalia taarifa ya habari ya saa mbili mpaka mwisho, akasema, "Picha yake safi sana hii." Akavaa viatu. Mlangoni ndipo akaniambia wiki ijayo atakuja na kijana wa kuibeba.

Ile cherehani ya mama yako haikwenda Kisarawe kwa bibi yako.

Tuliwaambia hivyo nyinyi watoto, na bibi yako, Mungu amrehemu, akakubali kuubeba uongo huo mpaka kaburini. Iliuzwa 55,000. Elfu tano nikaongezewa na mjomba wako. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama yako aliipaka mafuta, akafuta vumbi mpaka kwenye kikanyagio, akachomoa sindano akaichomeka kwenye pindo la kanga yake. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Sindano hawakuinunua."

Ndiyo sababu sare zako za darasa la pili zilishonwa barazani kwa mtu. Aliyezishona ni mama yako mwenyewe, kwa mashine ya watu, nusu kwa nusu. Mimi sikuwahi kusema neno kuhusu hilo, na sasa limeshapita. Watu huteleza.

Sasa uchukue ule usiku wa fainali ya Ufaransa na Brazil, tarehe 12 Julai, ambao unaupenda. Zidane anafunga kwa kichwa, anafunga tena kwa kichwa, sebule imejaa mpaka kizingitini, watu wananiita Mzee wa TV nami nina miaka arobaini. Nilifurahi, sitakudanganya. Lakini mama yako alikuwa uani anachemsha chai ya watu thelathini. Hakuingia. Zaidi ya mwaka mzima hakukaa chini kuitazama TV ile. Akipita sebuleni alipita kama mtu anayepita mbele ya anayeswali. Siku ya kwanza alipokaa mkekani ni Oktoba 1999, Mwalimu anazikwa Butiama. Alilia mno. Sikujua kama machozi yote yale yalikuwa ya Mwalimu, na sikuuliza.

Kwa hiyo enzi hizo unazotaka kuturudishia, ujue mama yako alizilipia. Nauliza tena. Hela umetoa wapi?

Kama ni akiba, niambie ni akiba, nitaomba radhi, nami si mtu wa kuomba radhi ovyo, unajua. Kama ni mchezo wenu wa madereva na zamu yako imefika, sawa, lakini utakuwa Muscat huku wenzako wanadai michango. Nani atakuchangia? Na kama ni mkopo wa simu, programu yake ifute leo, si kesho, kisha niambie deni ni kiasi gani. Nina mbuzi wawili, na kuna mtu wa Chanika ananidai nikamalizie ukuta wake, nikimaliza atanilipa.

Nisikuvunje moyo. Barazani nimeshatangaza mara nne kwamba mwanangu anakwenda Muscat. Ya tano wakanikatisha. Mkataba uusome hata upande wa nyuma, maandishi madogo umpe dada yako ayasome. Nakala ya pasi moja ibaki hapa. Kule usijifanye hujachoka, usingizi wa dereva ni sehemu ya kazi. Ukipigiwa na mama yako pokea, hata kama ni kukuuliza umekula nini.

Nakumbuka pia mitambo ya zamani ilipozimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mtaa mzima ukawa na chenga, wewe ulikuwa umeshaleta king'amuzi kwa mshahara wako wa kwanza. Uliniletea na risiti yake, imekunjwa mara nne. Ninayo mpaka leo ndani ya Msahafu. Wino umefifia, lakini karatasi ipo. Siku ile sikukuuliza hela umetoa wapi. Umeona?

Ile TV ya chogo yenyewe, ya inchi 14, ipo stoo. Wanunua chuma chakavu wanaipigia elfu tatu, mama yako hataki. Nilimwambia imekufa, haina hata kioo cha maana. Akanijibu, "Hiyo si TV, hiyo ni cherehani yangu." Nikatoka nikaenda kumwagilia mchicha.

Mengineyo: bati la sebuleni linavuja tena upande wa dirisha, nimeweka beseni. Shangazi yako amepata mjukuu wa kiume, bado hawajamtaja jina, wanagombana. Luku inaisha haraka tangu tununue friji ile ya mtumba, nadhani mpira wa mlango umelegea. Mwembe umezaa vibaya mwaka huu.

Nimepima ukuta kwa futi ya mama yako. Kati ya dirisha na mlango ni sentimita 110. Mjukuu kaniangalizia, hiyo ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Haikai, labda tuhamishe kabati la vyombo, na kabati hilo halihami bila ugomvi. Ya inchi 43 ingetutosha. Kama hiyo haijalipwa yote, irudishe. Kama imelipwa, mwambie kijana aje asubuhi na mtu wa pili wa kumsaidia kushusha, waiweke mbali na beseni, na risiti aishike mkononi, asiifungie ndani ya boksi.

Baba yako.