Tangi la lita 100 la kwenda nalo wapi?

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari, msomaji wa Likasi aliuliza kama afunge tangi la lita 100 kwenye gari lake dogo la michezo kabla ya kulipeleka Afrika Kusini, kwenye zile siku ambazo uwanja wa mbio za magari wa Kyalami hufunguliwa kwa wenye magari yao binafsi. Mlimjibu kwa mstari mmoja: tangi kubwa ni usalama. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kampemba, na matangi ya aluminiamu ni sehemu ya riziki yangu. Jibu lenu likisambaa nitapata wateja. Hata hivyo nalipinga.

Najua wazo hilo linatoka wapi. Esansi, yaani petroli, ikiadimika mjini, mwenye tangi kubwa analala usingizi wake, mwenye tangi dogo anamtafuta kadafi, muuza esansi wa kando ya barabara, anunue bidoni asiyojua imechanganywa na nini. Kwa anayepanda Kolwezi, au anayekwama nyuma ya malori ya shaba njia ya Kasumbalesa, kubeba esansi nyingi ni akili. Lakini gari la msomaji wenu halitakwenda Kyalami kwa magurudumu yake. Litapandishwa kwenye lori, tena likiwa na esansi kidogo tu ndani. Kule litakimbia kwa vipindi: kundi moja linatoka, linazunguka dakika 15 au 20, mara chache 30, linarudi, jingine linatoka. Hakuna kombe. Hakuna anayepoteza nafasi kwa kusimama. Wanaohitaji tangi kubwa uwanjani ni wale wa mashindano ya saa nyingi, kama Le Mans, ambako kila kusimama kujaza ni mzunguko unaokwenda kwa mwingine. Wewe ukirudi baada ya dakika 20, breki zinanuka, matairi yanachoma mkono, na mwenyewe unataka maji. Muda wa kumimina bidoni moja upo tele.

Wateja wangu huja na lita mdomoni.

“Papa, nataka lita themanini.”

“Utazunguka uwanjani dakika ngapi, mwanangu?”

Hapo ndipo wengi wananiangalia kama nimeuliza mahari. Basi nachukua chaki, tunahesabu juu ya meza ya chuma. Tuchukue Mazda MX-5 ya injini ya lita 1.8, ya zamani kidogo, ambayo tangi lake la kiwandani ni lita 48. Kyalami ni kilomita 4.5 hivi kwa mzunguko. Dereva wa kawaida tumpe dakika mbili na nusu. Kwa dakika 20 atazunguka mara 8, ambazo ni kilomita 36. Gari lile barabarani linakunywa lita 8 au 9 kwa kilomita 100. Uwanjani, mguu ukiwa chini karibu muda wote, mimi naandika 30. Inakuja lita 11 kwa kipindi. Ukianza na lita 25 una kipindi chote na akiba juu yake. Gari lenye injini nzito litakula zaidi, hata mara mbili, lakini njia ya hesabu ni ile ile: dakika, halafu mizunguko, halafu lita, na akiba mwishoni. Ukianzia kwenye lita unanunua chuma tu.

Uzito wenyewe ni jambo la wazi, sitakaa hapo sana. Lita moja ya esansi ni kama robo tatu ya kilo. Lita 100 ni kilo 75, yaani mifuko mitatu ya bunga nyuma ya gari ambalo mwenyewe ameng’oa redio, zulia na kiti cha abiria ili liwe jepesi. Katika Formula 1, ambako kujaza esansi katikati ya mbio kulipigwa marufuku tangu 2010, gari linaanza na esansi ya kilomita 305 zote, na kuanzia 2019 hadi 2025 sheria iliruhusu mbio nzima zitumie kilo 110, si zaidi. Wahandisi wao hukadiria kwamba kila kilo 10 zinakula karibu theluthi ya sekunde kwa mzunguko. Kama wao wanapima namna hiyo, kijana wa Likasi anabeba lita 75 za ziada kwa ajili ya nani?

Jambo ninalotaka lichapishwe kwa herufi kubwa ni umbo la tangi. Nina tangi la majaribio karakana, upande mmoja nimeweka kioo cha plastiki ili ndani paonekane. Namimina maji yaliyotiwa buluu ya kufulia, halafu nainamisha. Kwa nini nainamisha? Kwa sababu matairi mazuri yanaweza kushika kona kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe, na nguvu ikifika hapo, uso wa esansi ndani ya tangi hausimami tena sawa na sakafu: unapanda ukuta kwa digrii 45. Ukiinamisha tangi digrii 45 juu ya meza, unaona kile pampu inachokiona katikati ya kona.

Tangi hilo lina upana wa sentimita 80, kimo 20, urefu 50. Ni lita 80, bapa, la kulala chini ya buti. Ndilo vijana wanalolipenda kwa sababu halionekani. Mimina lita 20, inamisha. Maji yote yanakimbilia upande mmoja na kuishia sentimita 30 kutoka ukutani. Katikati, sentimita 40, ambako bomba la kunyonyea limewekwa, pamekauka kabisa. Lita 20 zimo ndani na injini inanyonya hewa! Ili bomba la katikati lifikiwe kwenye kona kama ile, tangi hili linataka zaidi ya lita 30. Hizo ni kilo 22 na zaidi ambazo huwezi kuzichoma bila hatari, unazitembeza tu. Sasa chukua tangi jingine la lita zile zile 80, lakini upana 40 na kimo 40. Mimina lita 20, inamisha vile vile: bomba la katikati bado limezama sentimita 8. Tena hapo sijaweka hata kizuizi kimoja ndani. Breki nayo inafanya kazi ile ile kwa upande wa mbele na nyuma, kwa hiyo usipime kona peke yake.

Hewa ikiingia kwenye bomba la esansi, dereva anahisi gari limekohoa tu. Injini inahisi zaidi. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na esansi haba wakati mashine iko kwenye mzigo, joto la chumba cha kuchomea linapanda, na pistoni inaweza kutoboka. Pampu ya ndani ya tangi nayo inapozwa na kulainishwa na esansi yenyewe. Ikizunguka kavu inajila. Na geji ya dashibodi itaendelea kuonyesha robo tangi, kwa heshima zote.

Dawa yake si lita nyingi. Ndani ya tangi naweka kuta zenye matundu, na kuzunguka bomba naweka kisanduku chenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani peke yake: esansi inaingia, kona ikija haitoki. Kwa gari linaloshika kona ndefu naongeza kikopo cha pembeni, kirefu na chembamba, cha lita 2. Pampu ya kwanza inatoa esansi tangini na kujaza kikopo. Ya pili inanyonya chini ya kikopo na kupeleka kwenye injini. Inayorudi kutoka injini inaingia tena kikoponi, na inayozidi inarudi tangini. Pampu nyingi za magari haya hazizidi lita 255 kwa saa. Kwa kona ya sekunde 5 hiyo ni kama theluthi ya lita, na sehemu kubwa yake inarudi. Kikopo cha lita 2 kinavuka kona yoyote ya Kyalami. Kwa kazi hii nalipisha chini ya bei ya tangi jipya, na ndiyo sababu nilisema jibu lenu lingenifaa mfukoni.

Kuhusu mahali pa kuliweka, wateja wanasema “nyuma kabisa, papa, kwenye buti.” Nyuma ya ekseli ya nyuma ndipo gari linapogongwa na mwenzake aliyeshindwa kufunga breki. Marekani wanalijua hili: mwaka 1978 Ford iliita yarudishwe yarekebishwe magari kama milioni moja na nusu, Pinto na ndugu yake Bobcat, kwa sababu ya tangi lililokaa hapo. Tangi la kiwandani la MX-5 liko nyuma ya viti, mbele ya buti. Mhandisi wa Mazda hakuliweka pale kwa bahati. Kwenye Porsche 911 liko mbele, hivyo esansi ikipungua pua ya gari inakuwa nyepesi na usukani unabadilika. 911 ya aina ya GT3, kizazi cha 991, ilitoka na tangi la lita 64, na mnunuzi aliweza kuagiza la 90. Mtu wa Ulaya anayeendesha mwenyewe kutoka nyumbani hadi uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, na kurudi ana sababu ya kuchukua la 90. Wa kwetu, ambaye gari lake linasafiri juu ya lori, sioni.

Na msisahau moto. Pale pale Kyalami, mwaka 1973, dereva Mike Hailwood aliingia kwenye gari la mwenzake wa mashindano, Clay Regazzoni, lililokuwa linawaka akamtoa, na Uingereza ikampa nishani ya George kwa ushujaa huo. Siku hizi magari ya mashindano hutumia mfuko wa mpira ndani ya sanduku la chuma, wenye alama ya kiwango cha FIA, shirikisho la magari la dunia: FT3-1999. Vijana wanaletewa mifuko hiyo imetumika, bei nafuu. Tazama tarehe kwanza: uhai wake ni miaka 5 tangu kutengenezwa, na mtengenezaji akiukagua anaweza kuongeza 2. Ukipita hapo ni mpira mkuukuu. Sponji inayojazwa ndani ya mfuko nayo huoza, ikageuka unga unaoziba chujio.

Jambo dogo la kujaza: usijaze mpaka mdomoni. Esansi iliyopimwa asubuhi ya baridi ya Julai ikipata jua na joto linalorudi kutoka injini inavimba. Lita 50 zikipanda digrii 20 zinaongezeka karibu lita nzima. Acha nafasi, na tundu la kupumulia liwe na vali inayofunga gari likipinduka.

Msomaji wa Likasi akipenda, alete gari lake. Tutahesabu dakika zake, tutafungua tangi la kiwandani tuone limegawanywa vipi ndani, na huenda akaondoka na kikopo tu. Ila asije na tangi lililowahi kubeba esansi akitaka nilipanue kwa moto. Mvuke uliobaki kwenye mishono hauoshwi na sabuni, na ukifika kama sehemu moja na nusu katika mia ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Wapo wanaokubali kazi hiyo hapa mjini. Mimi nalirudisha kwa mwenyewe likiwa limefungwa.

Fundi wa kuchomelea,
Kampemba, Lubumbashi